Maji ya Juu

Tume ya mpaka ilipotuma habari kwamba itapanda hadi kitongoji cha Kara-Bel siku ya Alhamisi, Uulkan alianza kufagia ua tangu Jumatatu. Alifagia, akanyunyiza maji, akafagia tena. Kila alipoinua kichwa alimwona mkazamwana wake, Maripa, amesimama mlangoni na mtoto mkononi, anamtazama tu.

"Mama, unafagia udongo wa nani huo? Wiki ijayo huenda ukawa wa watu."

"Ndiyo maana naufagia. Ukienda kwa watu uende msafi, wasije wakasema Wakirgizi ni wachafu. Na wewe acha kusimama kama nguzo ya simu, kakande unga!"

Maripa akaenda kukanda unga. Katika miaka sita ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba mavyaa yake akiingiwa na hofu hutafuta kazi, na asipoipata kazi hutafuta mtu wa kugombana naye. Heri kazi.

Waliobaki nyumbani mle walikuwa wanne. Uulkan mwenyewe, mumewe Abdrashit, ambaye kiharusi kilimlaza tangu majira ya baridi na kumwachia sauti moja tu, "aa", Maripa, na mwanawe mchanga, ambaye alikuwa ameanza kutambaa. Taalai, mume wa Maripa, alikuwa Urusi akiwajengea watu maghorofa, na simu zake zilipatikana tu ukipanda hadi kwenye jabali na kuinua mkono juu kama mtu anayejisalimisha. Nyumba nyingine za Kara-Bel zilikuwa tupu. Wenyewe walihama baada ya mapigano ya mwaka juzi, milango wakaifunga kwa waya, utadhani waya unazuia kitu.

Nyumba ya Abdrashit haikuwahi kusogea hata shubiri. Waliosogea ni watu wa maofisini. Jamhuri hii ni milima mitupu, na milima haigawanyiki vizuri. Lakini zamani za Warusi waliigawa hivyo hivyo, mezani, mjini, kwa penseli. Ramani ya kwanza ikapitisha mpaka juu ya nyumba. Baadaye shamba la ushirika la Watajiki likaazimwa malisho, ikachorwa ramani ya pili, mpaka ukapita chini ya nyumba. Hapo katikati wilaya ikabadilishwa jina, ikaunganishwa na nyingine, ikatenganishwa, na mkoa mmoja ukazaa mkoa mwingine. Kara-Bel hakuna aliyejali. Dola ilikuwa moja na ng'ombe walikunywa popote. Kisha ile dola moja ikafa, mistari ya penseli ikageuka waya, waya ukaleta askari, na askari wakaleta risasi.

Sasa serikali mbili zilikuwa zimechoka kuzika vijana. Zikakubaliana kuziacha ramani zote mbili na kufuata maandishi ya kale zaidi, yaliyosema kwamba mpaka unatoka jabali jekundu hadi chemchemi ya Shermat, kisha unaufuata mfereji wake hadi mtoni. Shida ni kwamba chemchemi zilikuwa mbili. Moja iko juu ya nyumba, inatoka mwambani, baridi ya kuuma meno. Nyingine iko chini kabisa karibu na barabara, kijimaji cha matope ambacho hata punda hukinusa kwanza. Ikiwa ya Shermat ni ile ya juu, nyumba inabaki Kirgizia pamoja na malisho na bustani ya aprikoti. Ikiwa ni ile ya chini, vyote vinakwenda Tajikistan, na wenye nyumba wanahamishwa.

Kila mbuzi wa Kara-Bel alijua ni ile ya juu. Shermat mwenyewe ndiye aliyeipasulia mwamba kwa nyundo, na Shermat alikuwa baba yake Abdrashit.

Jumatano mwenyekiti wa kijiji cha chini, Keldibek, alipanda na farasi wake, jasho linamtoka. Alikunywa chai bila kuvua kofia.

"Msihofu," alisema. "Mimi hawanitaki kuwa shahidi. Wanasema sisi wa kijiji cha chini tuliletwa na malori zamani za ushirika, hatujui kitu. Wanamtaka anayeishi karibu zaidi na chemchemi. Nani anaishi karibu kuliko nyinyi? Mzee ataulizwa kama ile ndiyo yenyewe, ataitikia kwa kichwa, imekwisha. Kichwa kinafanya kazi?"

Abdrashit, aliyelala kwenye matandiko karibu na jiko, aliinamisha kichwa mara tatu kwa nguvu, na mate yakamchuruzika. Maripa akamfuta.

"Basi!" Keldibek alicheka. "Shahidi wa kweli huyo. Hawezi hata kudanganya."

Walicheka wote, hata Uulkan. Hakuna aliyekumbuka jambo moja ambalo katika nyumba zile halikumbukwi kwa sababu halisahauliki. Mke hataji jina la baba wa mumewe, wala la babu wa mumewe. Hataji akiwa na hasira, hataji akiwa na homa. Wanawake wote walioolewa Kara-Bel waliiita chemchemi ile Maji ya Juu, na wakafa wakiiita hivyo. Maripa, alipokuja bi harusi kutoka mjini, katika mwezi wake wa kwanza alijisahau akasema anakwenda kuteka kwa Sher–, akaishia hapo, kwa maana ndoo aliyorushiwa na mavyaa yake ilikuwa imeshamfikia kifuani. Uulkan hakumsemesha mpaka theluji ilipoyeyuka.

*

Walikuja kwa magari matano. Maripa aliyahesabu mabakuli ya chai, hayakutosha, akakimbia kuchukua yale ya sherehe yaliyokuwa na ufa. Askari walikanyaga kitalu chake cha vitunguu wakati wa kutafuta kivuli, na mmoja akachuma aprikoti mbichi, akauma, akatema mlangoni pake. Mkazamwana hasemi neno mbele ya wageni. Anamimina chai nusu bakuli, mgeni asije akadhani anafukuzwa, anasimama, anamimina tena.

Kiongozi wa upande wa Watajiki aliitwa Safarov, mtu mzima mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa kwa uzi. Upande wa Wakirgizi ulikuja na mhandisi kutoka mji mkuu, msichana aliyeitwa Janyl, suruali ya kazi, nywele fupi, Kikirgizi chake kimechanganyika na Kirusi. Na pamoja na Watajiki alikuja Rahim. Huyu hakuwa mgeni. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya mto tu, baba yake na Abdrashit walikuwa marafiki wa kupeana, nyama na mablanketi ya sufu kutoka huku, ngano na matunda kutoka kule, na yeye mwenyewe alikula mkate katika chumba kile tangu hajaota ndevu. Mwaka juzi mdogo wake aliuawa kwenye mapigano. Tangu hapo hakuvuka. Aliingia, akakaa karibu na mlango, akapokea chai kwa mikono miwili bila kumtazama Uulkan usoni.

"Mama mzima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tunavuta pumzi, Rahim."

Safarov akakohoa. "Tuanze. Kanuni mnaijua. Shahidi asitajiwe jina lolote. Alitaje mwenyewe, kwa kinywa chake. Asisaidiwe, asiitikie tu kwa kichwa."

"Ah! Kwa nini asiitikie?" Keldibek aliruka. "Mzee huyu hana ulimi!"

"Mwenyekiti, kanuni hii mliiomba nyinyi," alisema Safarov. "Mlisema tutawafundisha watu wetu cha kuitikia. Tukakubali."

Keldibek akamgeukia Janyl. Janyl akainamisha kichwa, ilikuwa kweli.

Wakamsogelea Abdrashit. Janyl akapiga magoti, akamwuliza taratibu, "Baba, chemchemi iliyo juu ya nyumba yako inaitwaje?"

Mzee alifungua kinywa. Uso wote ukakunjamana, mshipa wa shingo ukasimama. "Aa," alisema. "Aa. Aaa." Akainua mkono wake mmoja mzima, akaupiga kifua chake, akaonyesha juu, akaupiga tena. Machozi yakamtoka. Askari mmoja kijana akageukia dirishani.

"Mnaona!" alisema Keldibek. "Anasema ni ya kwao!"

"Ameonyesha kifua," alisema Safarov, bila kejeli. "Kifua siwezi kukiandika. Pole, baba. Mama, wewe je? Umeishi hapa siku nyingi. Ile chemchemi inaitwaje?"

Uulkan alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Maji ya Juu," alisema.

"Maji ya Juu. Hilo ndilo jina lake?"

"Ndivyo tunavyoiita."

"Haina jina jingine?"

Uulkan akatazama mkeka. Keldibek akashika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo lilipomjia. "Lahaula! Ngojeni! Hawa ni wake! Mke huku kwetu hawezi ku–"

"Mwenyekiti!" Safarov aliinua mkono. "Ukiongeza neno moja tunaandika kwamba shahidi ameelekezwa. Kaa chini, tafadhali."

Keldibek akakaa. Janyl akamgeukia Maripa, macho yake yakimwomba. "Dada. Wewe ndiye unayeteka maji pale kila siku. Niambie. Chemchemi ile inaitwaje?"

Maripa alikuwa na birika mkononi. Jina alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kinywa kizima kama tonge la moto. Akamtazama Uulkan. Uulkan hakumkunjia uso, hakumtikisia kichwa. Alikuwa anamtazama mtoto, aliyekuwa amelala kwenye susu lake, kitanda cha kubembea, pembeni, na rangi ilikuwa imemtoka usoni mwanamke yule. Maripa hajawahi kumwona mavyaa yake akiogopa hivyo, hata siku ya risasi.

"Maji ya Juu," alisema Maripa.

Rahim pale mlangoni aliweka bakuli chini. Alijua. Mama yake mwenyewe alizoea kuwatania wanawake wa Kara-Bel kwa mila hiyo. Alifungua mkono, akaufumba, akatoka nje kuvuta sigara.

Wakaandika kwamba wakazi wa nyumba hawaifahamu chemchemi yoyote kwa jina lililomo kwenye maandishi. Kwa kuwa ile ya juu haikupata shahidi, vigingi vitapigwa kesho asubuhi kwenye chemchemi ya chini. Safarov alishukuru kwa chai. Alipofika mlangoni aliona ganda la aprikoti lililotemwa, akaliokota, akalitia mfukoni.

*

Jioni, yeye na mavyaa yake walipokwisha kukamua ng'ombe, Maripa aliweka ndoo chini katikati ya zizi.

"Mama, nitakwenda kesho. Nitalitaja."

"Huendi popote."

"Ni neno moja tu! Tunafukuzwa kwa neno moja! Baba amelia mbele ya askari, mimi nimesimama pale kama zezeta. Huyo marehemu mwenyewe kama anatuona, unadhani anafurahi? Alipasua mwamba ili sisi tuheshimu jina lake mpaka mwamba uende kwa watu?"

"Maripa."

"Nipige na ndoo, basi! Ndoo hiyo hapo! Afadhali ndoo."

Uulkan hakuigusa ndoo. Alikaa juu ya gogo la kukamulia, ghafla, na kwa mara ya kwanza akaonekana kizee.

"Unadhani nilikupiga kwa sababu ya adabu?" alisema. "Sikiliza. Kabla ya Taalai nilikuwa na mtoto. Wa kike. Taalai mwenyewe hajui. Maji ya mafuriko yalikuja, mimi niko peke yangu na kichanga, baba mkwe yuko juu anatengeneza mfereji. Nikamwita. Nikapiga kelele nikamwita kwa jina lake, mara moja, mlima mzima ukasikia. Akashuka, akatuokoa. Hakunigombeza. Siku saba hazikupita mtoto akashikwa na homa, akafa mkononi mwangu." Akajifuta mdomo na ncha ya kilemba. "Wanawake walionikalisha kwenye matanga waliniambia, umemtoa kwa ulimi wako. Kujikwaa ulimi si kujikwaa kidole, mwanangu. Kidole kinapona."

"Alipata baridi, mama. Mlikuwa kwenye mafuriko."

"Labda."

"Ni baridi hiyo!"

"Labda, nimekwambia! Miaka yote hii najiambia labda!" Uulkan alipaza sauti mpaka ng'ombe akarudi nyuma. "Lakini wewe una huyo mmoja. Nyumba hata ikienda ni udongo na magogo. Nitajie mtoto aliyejengwa kwa magogo."

Na Maripa asisemwe kuwa hakuogopa. Alisoma mjini, alipata cheti cha ushonaji, alicheka mambo mengi ya wazee. Lakini alipoingia ndani akamshika mtoto paji la uso, akamshika tena, akalala na mkono wake juu ya kifua cha mtoto akihesabu pumzi. Alijiona mjinga, na mkono hakuuondoa.

*

Asubuhi, Uulkan akiwa zizini, Maripa alimnyonyesha mwanawe mpaka akaachia titi mwenyewe. Akamfunga kwenye susu, akashuka mteremko akikimbia.

Alisikia nyundo kabla ya kuona watu. Walipokuwa kwenye kigingi cha kwanza, cha chuma, kilichopakwa rangi nyekundu na nyeupe, alifika akasimama katikati yao, hana pumzi, ushungi umemwangukia mabegani.

"Sio hii," alisema. "Chemchemi ya Shermat ni ile ya juu."

Alilisema. Hapakuwa na ngurumo wala upepo. Jina lilitoka, likawa neno kama maneno mengine. Akalirudia ili wasije wakasema hawakusikia. "Ya Shermat ni ile ya juu. Alikuwa babu wa mume wangu. Alipasua mwamba mwenyewe."

"Alhamdulillahi!" alisema Keldibek.

Mwenye nyundo alishusha nyundo. Safarov alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Dada, jana nilikuuliza. Ulisema Maji ya Juu."

"Nilisema."

"Sasa ulidanganya jana au unadanganya leo?"

"Sijadanganya siku yoyote. Ni jina la mkwe. Mke halitaji."

"Mbona unalitaja sasa?"

Askari wakacheka, na mmoja akasema kwa Kitajiki jambo lililowachekesha zaidi. Maripa akavuta ushungi kichwani.

"Ni kweli anayosema," Janyl aliingilia, uso umemwiva. "Nimekumbuka usiku. Bibi yangu alikuwa hamtaji babu mkubwa, alikuwa anamwita Yule wa Kwanza. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Ningekumbuka jana... Ni mila yetu, bwana Safarov. Mimi mwenyewe ndiye niliyewauliza wake badala ya kutafuta mwanamume. Niandike mimi kosa hilo."

"Mama zetu wote wana mila, binti yangu. Lakini karatasi imesainiwa jana jioni, na imesomwa kwa simu katika miji mikuu miwili. Usiku mmoja umepita. Wenzangu watasema mmemfundisha. Nikifungua kigingi hiki, nafungua mlima mzima, na vijana wataanza tena kupigana." Hakuwa mtu mbaya. Labda hilo ndilo linaloumiza. "Lakini yuko mtu mmoja hapa ambaye si wa kwenu. Akisema yeye, nitapiga simu, potelea mbali. Rahim! Wewe ni wa hapa hapa. Kuna mila kama hiyo? Na ile ya juu umewahi kuisikia ikiitwa jina hilo?"

Watu wote wakageuka. Rahim alikuwa amekaa kwenye jiwe, kofia mkononi. Nyuma yake walisimama vijana wawili wa kijijini kwake waliokuja kubeba vigingi, na mmoja wao alikuwa amevaa koti la marehemu mdogo wake.

"Rahim, umekula mkate pale," alisema Keldibek. "Umekula mpaka ukakua!"

Rahim alitazama buti zake.

"Kila nyumba ina mambo yake," alisema. "Mimi ya ndani ya nyumba za watu siyajui."

Safarov akamwashiria mwenye nyundo. Nyundo ikaanza tena. Maripa alisimama pale mpaka kigingi kikazama, akitumaini kitu ambacho hata yeye hakukijua, kisha akapanda mteremko polepole, na katikati ya njia akakumbuka mtoto, akaanza kukimbia.

Mtoto alikuwa macho, anatafuna ncha ya kitambaa. Uulkan amekaa karibu naye, mkono juu ya susu.

"Umelitaja," alisema Uulkan. Hakuuliza.

"Nimelitaja, mama. Mara mbili."

"Wakasikia?"

"Walisikia vizuri. Hawakuandika."

Uulkan akafumba macho. Maripa alingoja kupigwa, alingoja kulaaniwa; angevipokea vyote kwa mikono miwili. Badala yake mavyaa yake aliinuka, akamimina chai, akampa yeye kwanza, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika nyumba ile. Maripa akashindwa kuinywa. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, na Abdrashit pale kwenye matandiko akasema "aa", akageuza uso ukutani.

*

Walipewa mpaka mwisho wa mwezi. Serikali iliwatafutia nyumba tambarare, kwenye mtaa mpya wa matofali ya saruji yanayofanana, hakuna mti, maji yanakuja kwa gari. Taalai alipopatikana kwenye simu alitukana serikali zote, kisha akauliza kama mlango wa mbao wa babu yake utabebeka. Haukubebeka, fremu ilikuwa imejengewa ndani ya ukuta.

Siku zote hizo Uulkan alimpima mtoto joto kwa shavu lake, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya saba hakula. Siku ya nane mtoto alisimama kwa kushika ndoo, akacheka, akaanguka kwa makalio, akasimama tena. Hakupata hata mafua. Uulkan alimtazama kutwa nzima siku ile, na jioni alikwenda peke yake nyuma ya bustani, kwenye kaburi dogo lisilo na jiwe, akakaa kitako mpaka umande ukamlowesha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Ilikuwa baridi tu," alimwambia Maripa. "Mtoto wangu alikufa kwa baridi." Kisha akapiga paja lake kwa ngumi, akapiga tena, akasema kwa hasira ambayo Maripa hakuwahi kuisikia, "Nimeiuza nyumba hii bure! Bure kabisa!"

"Tuliiuza wote, mama. Hata mimi jana yake nilinyamaza."

"Wewe ulimtazama nani uliponyamaza? Usinifariji."

Lori lilifika asubuhi yenye jua kali, jua la bustani kuiva. Keldibek na watu wa kijiji cha chini walikuja kusaidia. Walibeba masanduku, mablanketi, jiko, susu. Waliwaacha majogoo wawili kwa sababu walikataa kukamatwa. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Aprikoti zilikuwa zimeanza kudondoka zenyewe, na watu walizikanyaga wakipita, hakuna aliyeinama kuziokota.

Wakati wanataka kumtoa Abdrashit, Rahim alitokea njiani kwa miguu. Mkononi alikuwa na mkate mzima, wa moto, umefungwa kitambaa. Watu wakasimama. Keldibek akaweka chini alichokibeba.

"Huna haya wewe?" alisema Keldibek. "Umekuja kuchagua chumba?"

"Nimekuja kuaga." Rahim alimwendea Uulkan. Alikuwa amekonda. "Mama, nilijua. Siku ile nilijua, na siku ya pili nilijua. Nilikuwa na vijana nyuma yangu. Ningelisema, wangenichomea nyumba na wanangu ndani. Mdogo wangu bado mbichi kaburini. Walikuwa wananitazama mdomo."

"Najua," alisema Uulkan.

"Nisamehe, mama."

Uulkan alipokea mkate. Mkate haukataliwi, hata kwa adui. Akamega kipande, akatia kinywani, akatafuna taratibu, akameza. Kilichobaki akamrudishia.

"Rahim, wewe umeolewa katika nyumba hii?"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Rahim alimtazama asielewe. "Hapana, mama."

"Mimi nimeolewa. Huyu mkwe wangu ameolewa. Sisi tulifungwa kinywa. Wewe nani alikuoa?" Akaonyesha juu kwa kidevu, kule kwenye mwamba, ambako maji yalikuwa yanang'aa. "Ile inaitwaje?"

"Mama..."

"Nakuuliza mbele ya watu. Hakuna kijana nyuma yako leo. Inaitwaje?"

Rahim alilamba midomo. "Chemchemi ya Shermat," alisema.

"Sikusikia."

"Chemchemi ya Shermat!"

Sauti yake ilipanda mteremko ikarudi. Ndani ya nyumba Abdrashit alisikia, maana alijibu, "Aa! Aa!", kwa furaha, akidhani kuna mtu amekuja kuwaokoa. Maripa aliziba masikio ya mtoto, hakujua kwa nini.

Uulkan alifunga kilemba chake vizuri.

"Kumbe jepesi hivyo," alisema, akaenda kuwaonyesha wanaume namna ya kumbeba mumewe bila kumuumiza.